Viumbe wa Bahari kwa Udongo wa Tabora

Mji wa Tabora uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na reli ya kati hukata zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam kabla ya kuufikia. Nchi yake ni ya miyombo, mbuga na majabali ya matale. Kwa wanafunzi wengi wa huko, konyeza, pweza na kiti cha pweza ni majina wanayokutana nayo kitabuni, katika sura ya wanyama wasio na uti wa mgongo, kisha katika karatasi ya mtihani. Hata hivyo mnyama wa bahari alifika Unyamwezi kabla ya kitabu na kabla ya reli. Alifika akiwa mfu, limebaki gamba lake tu, naye alibebwa mabegani mwa watu.

Shule iliyo mbali na bahari yaweza kuanzia hapo. Udongo wa mfinyanzi, maganda ya matunda, uzi na maganda ya mayai vyatosha kuwafinyangia watoto viumbe wa bahari, na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyejifunza kazi hiyo aweza kuwaongoza wadogo zake wa shule ya msingi. Lakini jambo moja lafaa lizingatiwe tangu mwanzo. Mfano unaoiga sura ya mnyama bila kuonyesha kazi ya sura hiyo hufundisha nusu ya somo, na nusu hiyo yaweza kumpoteza hata mtaalamu. Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ina ushahidi wa kutosha juu ya hilo.

Makombe yaliyosafiri

Kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajenga matembe yao Unyanyembe katika karne ya 19, Wanyamwezi wenyewe walikuwa wakishuka pwani. Walipeleka pembe za ndovu, na waliporudi walileta nguo, shanga na makombe ya bahari. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi mitatu au zaidi. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakawasili Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Mtu anayebeba mzigo kwa muda kama huo hachukui kitu kisicho na thamani, na makombe yalikuwa na thamani kubwa.

Yaliyojulikana zaidi yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ni simbi, ambayo wengine huiita kauri: gamba dogo la konokono wa bahari, lenye kung'aa, lenye mdomo mwembamba wa meno meno. Simbi ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo jina lake la kisayansi ni Monetaria annulus, ina mviringo wa rangi ya manjano mgongoni. Wafuasi wa chama cha Baswezi, Unyamwezini na Usukumani, walizishona katika mapambo ya kichwani. Katika Buganda zilikuwa fedha halisi, na mpaka leo neno la Kiganda la fedha ni ensimbi. Katikati ya karne ya 19 kampuni za Hamburg zilikuwa zikizinunua Zanzibar na kuzipeleka kwa meli hadi Afrika ya Magharibi, ambako zilitumika sokoni.

Aina ya pili ni kombe la konokono mwenye umbo la pia, wa jenasi iitwayo Conus. Sehemu yake pana ya juu ilikatwa ikawa kisahani cheupe, kikang'arishwa, kikatobolewa na kuvaliwa shingoni. Katika nchi nyingi za bara kisahani hicho kilikuwa alama ya utemi. Kwa jinsi kilivyokwenda mbali na pwani ndivyo bei yake ilivyopanda. David Livingstone, alipopita mwaka 1854 katika nchi ambayo sasa ni kaskazini-magharibi ya Zambia, aliandika kwamba makombe mawili ya namna hiyo yalitosha kumnunua mtumwa mmoja, na matano kununua pembe kubwa ya ndovu. Mwalimu anayelionyesha darasani kombe zuri la bahari hana budi kulisema hili pia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wengi waliovaa, waliohesabu au waliobeba makombe hayo hawakuwahi kumwona mnyama mwenyewe akiwa hai. Konokono wa umbo la pia ni mwindaji. Ana jino refu lililo kama mshale, lenye sumu, ambalo humchoma nalo mnyoo, konokono mwenziwe au hata samaki. Sumu ya baadhi ya aina zake imewahi kuua watu, na ndiyo maana mtoto wa pwani huonywa asimwokote akiwa hai. Simbi naye, akiwa hai, haonekani kama kijiwe kinachong'aa. Hutoa ngozi laini inayolifunika gamba lote kutoka pande mbili, na ngozi hiyo ndiyo inayoliongezea gamba tabaka mpya na kulipa mng'ao wake. Mng'ao unaotamanika sokoni ni kazi ya ngozi ambayo mnunuzi haioni.

Kufinyanga kisahani cha mtemi

Kazi ya kwanza, basi, iwe ni kulifinyanga kombe hilo kwa namna inayoonyesha jinsi lilivyokua.

Udongo wa kichuguu hufaa sana, au ule unaotumiwa na wafinyanzi wa vyungu. Upondwe, uchekechwe, uloweshwe usiku mmoja, kisha ukandwe pamoja na mchanga mwembamba kidogo ili usipasuke unapokauka. Kila mtoto aviringe kamba ya udongo yenye urefu wa sentimita 40 hivi, nene kama kidole gumba upande mmoja na nyembamba kama mkia wa panya upande wa pili. Kisha aanze kuizungusha kutoka kwenye ncha nyembamba, kila mzunguko ukiufuata na kuukumbatia ule uliotangulia, mpaka amalize kwenye upande mnene. Hapo amepata umbo la konokono, na ameliunda kwa utaratibu uleule ambao konokono hulijenga gamba lake. Mnyama huyo hatupi gamba la zamani ili avae jipya, wala gamba lake halitanuki lote kwa pamoja kama puto. Huongeza chokaa mdomoni tu, kidogo kidogo. Ncha ya gamba ni nyumba aliyokaa alipokuwa mchanga, nayo hubaki pale maisha yake yote.

Udongo ungali mbichi, mtoto akate juu ya umbo lake kwa uzi uliokazwa, apate kisahani. Mzunguko utaonekana waziwazi kwenye mkato. Kisahani alichovaa mtemi kifuani kilikatwa mahali hapo hasa, penye ncha, yaani kilikuwa na utoto wa mnyama ndani yake. Watoto hulipenda jambo hilo, na hawalisahau kwa urahisi kama wanavyosahau neno "ukuaji" likiandikwa ubaoni.

Mfano huu una kasoro moja ambayo mwalimu aitaje wazi. Kamba ya udongo ni tupu ya udongo, lakini gamba la kweli lina uwazi ndani, na katika konokono wa umbo la pia mzunguko wa mwisho hufunika karibu yote iliyotangulia. Wanafunzi waulizwe wao wenyewe wangefanyaje ili mfano ukaribie ukweli zaidi. Wengine watapendekeza kuzungusha utepe mpana badala ya kamba, nao watakuwa wamekaribia.

Kuhusu kitu ambacho gamba limejengwa nacho, jaribio dogo litasaidia. Ganda la yai lisafishwe, likaushwe na kusagwa, kisha unga wake udondoshewe maji ya ndimu. Mapovu yatatokea. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka pale asidi ya ndimu inapokutana na kalisi kabonati. Gamba tupu la konokono wa shambani, likichemshwa kwanza na kusagwa vivyo hivyo, litatoa jibu lilelile, na kipande cha simbi kadhalika. Kuku wa Tabora, konokono wa shambani na konokono wa Bahari ya Hindi wote hujenga kwa chokaa. Maganda ya ndimu zilizokamuliwa yasitupwe, maana yatatumika mbele.

Hapa pana onyo. Watoto wasitumwe kuokota konokono katika mabwawa, malambo na mifereji. Baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Wale wa nchi kavu nao wasishikwe wakiwa hai kwa mikono mitupu. Magamba matupu yaliyokauka yatosha.

Bahari iliyodhaniwa kuwa ziwani

Msafara haukuishia Tabora. Burton na Speke waliendelea magharibi, wakafika Ujiji mwezi Februari 1858, na Speke akaokota magamba kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika. Magamba hayo yalirudi kwa njia ileile, yakivuka Unyamwezi vichwani na mabegani mwa wachukuzi, mpaka Uingereza, ambako mwaka 1859 mtaalamu S. P. Woodward aliyaeleza kwa mara ya kwanza. Yalionekana mageni. Mengine yalikuwa mazito, yenye mbavu na nakshi, kana kwamba yametoka baharini. Yaliyofuata katika miaka ya baadaye yalizidi kushangaza. Tiphobia ana miiba mirefu kama konokono wa bahari ya joto, na Limnotrochus ana umbo la pia linalofanana sana na konokono wa miamba ya pwani.

Majina ya konokono hao ni kama daftari la wasafiri wa njia ile. Spekia ni wa Speke. Stanleya ni wa Henry Stanley, aliyelizunguka ziwa mwaka 1876. Tiphobia horei ni wa Edward Hore, mmisionari aliyefika Ujiji mwaka 1878, na Limnotrochus thomsoni ni wa Joseph Thomson aliyepita mwaka mmoja na kitu baadaye. Lavigeria ni wa Kardinali Lavigerie, ambaye hakufika kabisa bali aliwatuma mapadre wake. Mchukuzi aliyelibeba sanduku hayumo hata mmoja katika majina hayo matano.

Kisha akatokea konyeza. Richard Böhm, mwanazuolojia wa Kijerumani aliyekuwa amekaa kusini ya Tabora, alifika ziwani na mwaka 1883 akaona majini konyeza wadogo wanaoelea. Alifariki Katanga mwaka uliofuata, naye konyeza huyo alikuja kupewa jina la jenasi, Limnocnida, mwaka 1893. Kwa wataalamu wa wakati ule habari hiyo ilikuwa kama kusikia kwamba papa ameonekana katika bwawa la Igombe. Konyeza ni wa bahari. Iweje akae katika maji matamu, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka pwani?

J. E. S. Moore, mtaalamu wa Kiingereza, aliona kwamba jibu liko wazi. Alilitembelea ziwa mara mbili, mwaka 1895 hadi 1896 na tena 1899 hadi 1900, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima juu ya tatizo la Tanganyika. Alilinganisha magamba ya ziwani na visukuku vya konokono wa bahari wa kipindi cha Jura, akaona yanafanana mno. Akahitimisha kwamba ziwa hilo ni mabaki ya mkono wa bahari ya kale uliokatwa ukabaki bara pamoja na viumbe wake.

Hoja yake ilikuwa nzuri, nayo haikuwa ya kweli. Konyeza wa jamaa hiyo waliripotiwa baada ya muda mfupi katika Ziwa Viktoria na katika Mto Naija, mahali ambapo mkono wa bahari wa Moore haungeweza kufika. W. A. Cunnington, aliyeongoza safari nyingine ya utafiti mwaka 1904 hadi 1905, alichunguza wanyama wote wa ziwa kwa jumla, na katika maandishi yake ya mwaka 1920 akalikataa wazo hilo. Leo umri wa ziwa hukadiriwa kuwa baina ya miaka milioni 9 na 12. Kipindi cha Jura kilikwisha miaka ipatayo milioni 145 iliyopita. Hesabu hiyo yatosha.

Kama magamba hayo hayakutoka baharini, kwa nini basi yanafanana na ya baharini? Sehemu ya jibu iko kwa kaa. Ziwa Tanganyika lina kaa wake wasiopatikana kwingineko duniani, na baadhi yao wana magando makubwa ya kuvunja magamba. Mwaka 1991 wataalamu West, Cohen na Baron walionyesha kwamba magamba ya konokono wa ziwa hilo yana nguvu isiyo ya kawaida kwa konokono wa maji baridi, na kwamba magando ya kaa nayo ni makubwa vilevile, kana kwamba kila mmoja amekuwa akimlazimisha mwenziwe kuongeza silaha, kizazi baada ya kizazi. Maji ya ziwa yana madini mengi yaliyoyeyuka, kwa hiyo vifaa vya ujenzi si haba. Baharini nako kuna kaa na kuna chokaa tele. Shida ileile, ikikutana na vifaa vilevile, imezaa umbo lilelile mahali pawili pasipohusiana. Moore alilinganisha sura, na hakuuliza sura hiyo inafanya kazi gani.

Magamba yanayovunjwa

Kwa sababu hiyo, kazi ya mikono isiishie kwenye rafu ya maonyesho. Mifano mingine itengenezwe ili ivunjwe.

Kila kikundi kifinyange vibakuli vidogo vya udongo vya ukubwa wa nusu yai, vya namna tatu: vyembamba, vinene, na vyembamba vilivyoongezewa mbavu za udongo kwa nje. Ili viwe sawa kwa ukubwa, vyote vifinyangwe juu ya kijiwe kimoja cha mviringo kilichopakwa majivu. Vikaushwe kivulini kwa siku kadhaa bila kuchomwa. Siku ya jaribio kila kibakuli kifudikizwe mezani, juu yake liwekwe kopo tupu, na mchanga umiminwe ndani ya kopo kijiko kwa kijiko, vikihesabiwa, mpaka kibakuli kivunjike. Kopo lishikiliwe kwa vidole viwili lisianguke, wala lisisukumwe chini. Namna moja ijaribiwe angalau mara kumi, kisha wastani utafutwe, maana udongo una hila zake na kibakuli kimoja hakithibitishi neno. Darasa likipima pia uzito wa kila kibakuli kabla ya kukivunja, wataweza kuuliza swali zuri zaidi: kwa kila gramu ya udongo iliyotumika, ni namna ipi iliyobeba mchanga mwingi? Konokono naye hulipia chokaa yake kwa chakula na kwa uzito anaoukokota.

Ya konyeza ni mepesi zaidi. Katika uhai wake wa kuelea, konyeza wa Tanganyika ana kipenyo cha sentimita mbili hivi, bapa kama kisahani, na maji ya mwili wake yanapitisha mwanga hata ni vigumu kumwona. Katikati ya upande wa chini ana mdomo mpana, na ukingoni ana minyiri mingi myembamba yenye seli za kuwasha, ambazo hunasa vijidudu vya majini. Kwa mfano wake lichukuliwe ganda la ndimu iliyokamuliwa, likatwe kipande cha juu kisicho na kina kirefu, kama kifuniko, na nyama yote ya ndani ikwanguliwe mpaka ganda lilegee. Nyuzi nyembamba zishonwe kwenye ukingo. Kisha kizamishwe katika ndoo ya maji, kikiwa kimefudikizwa, na kukaminywa upesi kwa vidole na kuachiwa. Maji yatatoka kwa chini na kifuniko kitaruka kwenda juu kidogo. Wakati mwingine hakiruki, hasa ganda likiwa gumu, na hapo watoto watavumbua wenyewe kwamba konyeza hawezi kuogelea pasipo mwili laini. Umbo la kengele peke yake halimpeleki popote. Kukaza na kulegea ndiko kunakompeleka.

Kuna hesabu moja ya kumalizia ambayo kidato cha kwanza wanaiweza. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kirefu kabisa ni mita 1,470 hivi. Kitako chake, basi, kiko chini ya usawa wa bahari kwa takriban mita 700, ingawa bahari haijapata kuingia humo. Wanafunzi wachore mkato huo kutoka Bagamoyo hadi Kigoma, wakiweka Tabora mahali pake, na kuandika kando ya mchoro ni mnyama gani alipita kwenda upande gani.

Shule yenye rafiki Kigoma au Ujiji yaweza kuomba magamba matupu yaliyookotwa kwenye mchanga mkavu wa ufuoni, mbali na maji, ili yawekwe kando ya mifano ya udongo; nayo Tabora ikapeleka vibakuli vyake vilivyovunjika pamoja na jedwali la vijiko vya mchanga. Treni hukata safari hiyo ya kilomita 400 na kidogo kwa siku moja au pungufu. Kila gamba litakalopokewa liandikiwe lebo: jina la kiumbe, mahali na tarehe lilipookotwa, jina la mwanafunzi aliyeliokota, na jina la aliyelibeba.